Geuza Jiwe la Mtoni Uone Shamba Lako Linavyovuja

Wakulima wengi wa milima ya Amani na Muheza huukagua mto kwa macho tu. Maji yakiwa maangavu, basi ni mazima. Tatizo ni kwamba maji ya jana hayapo tena. Aliyeosha bomba la dawa kijitoni juzi asubuhi, uchafu wake umeshateremka na mto Zigi kuelekea bwawa la Mabayani, ambako ndiko jiji la Tanga linakopata maji yake. Ukichota chupa leo hutakuta kitu. Mdudu anayeishi chini ya jiwe, yeye alikuwepo. Wengi wao hukaa majini wiki na miezi kabla ya kuota mabawa na kuruka, kwa hiyo kila kilichopita kimewapitia.

Wataalamu wa mito nchini wana mfumo wa kupima uzima wa mto kwa viumbe hawa, TARISS, uliotokana na ule wa Afrika Kusini uitwao SASS. Huo unataka mtu aliyesomea. Kwa kikundi cha wakulima au wanafunzi nashauri mdogo wake, miniSASS, wenye makundi 13 tu, na kila kundi lina alama yake: lisilovumilia uchafu lina alama kubwa, linalouvumilia lina ndogo.

Vifaa visikutie gharama. Chujio la tui lenye matundu madogo, sinia jeupe, kijiko, buti na daftari vinatosha. Wengine hukata chandarua kikuukuu wakatengeneza wavu. Kama kilikuwa chandarua cha dawa, kiacheni: dawa ile imewekwa kuua wadudu, nanyi mtaokota mizoga mliyoiua wenyewe.

Chagueni sehemu mbili, moja juu ya shamba na moja chini yake, zinazofanana: mawe, maji yanayokimbia, kina kisichozidi goti. Ukilinganisha maporomoko na dimbwi hujalinganisha kitu. Mmoja ashike chujio upande maji yanakokwenda, mwingine asugue na kupindua mawe mbele yake kwa dakika mbili, kisha mpekue na majani ya ukingoni. Mimina kwenye sinia lenye maji kidogo, halafu subiri. Mwanzoni utaona taka tu. Dakika moja baadaye taka zinaanza kutembea.

Anayestahili kutafutwa kwanza ni mdudu bapa mwenye mikia miwili na kucha mbili kwenye kila mguu, anayeng'ang'ania mawe ya maji ya baridi. Huyu ana alama 17, kubwa kuliko zote. Ndugu yake wa mbali kwa kawaida ana mikia mitatu, na ubavuni mwa tumbo ana vijani vinavyopepea, navyo ndivyo anavyopumulia. Wa jamii hii wana 11, ila wale wembamba wanaochomoka kama visamaki ni wavumilivu zaidi, wana 5. Yuko fundi anayejijengea nyumba ya mchanga au vijiti na kuivaa mwilini, 9. Kaa na uduvi 6, watoto wa kereng'ende wanene 6, wale wembamba 4, mbawakawa na kunguni wa maji 5, konokono 4. Minyoo bapa wana 3. Chini kabisa kuna minyoo ya kawaida, ruba na mabuu ya nzi na mbu, wote 2.

Jumlisha alama, gawa kwa idadi ya makundi uliyoyaona, si idadi ya wadudu. Chukua mfano huu. Juu ya shamba mmepata mikia miwili, mikia mitatu, fundi wa nyumba, kaa, kereng'ende mnene na mbawakawa: 54 gawa kwa 6, ni 9. Chini mmepata wale wadudu kama visamaki, kereng'ende mwembamba, konokono, mabuu ya nzi, minyoo na ruba: 19 gawa kwa 6, ni 3 na kidogo. Makundi ni sita huku na sita kule, na mto umeharibika katikati.

Sasa soma aliyekosekana. Wa mikia miwili na mafundi wakipotea huku minyoo ikiongezeka na mawe yamefunikwa tope, udongo wako unateremka. Hapo dawa ni makinga maji na nyasi za guatemala kwenye kontua, nazo ng'ombe atazila. Mabuu mekundu kama damu yakijaa, maji yana hewa haba. Wekundu ule ndio unaowawezesha kuishi humo. Tazama samadi, mahali ng'ombe wanaponyweshwa, au maji ya korona, yaani mashine ya kuchakata mkonge, kwa walio mabondeni. Lakini wadudu na uduvi wakitoweka wote kwa mpigo, konokono na minyoo wakabaki kana kwamba hakuna kilichotokea, fikiria kwanza kiuatilifu. Suuza bomba mara tatu ndani ya shamba na unyunyizie maji hayo kwenye zao lilelile. Na jembe likae mbali na ukingo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60, ingawa najua mashamba mangapi yamekaa ndani yake.

Msipime baada ya mvua kubwa. Niliwahi kufanya hivyo wakati wa masika, nikarudi nikitangaza kijito kimekufa. Wiki tatu baadaye wadudu wenyewe walikuwa wamerudi, nami nilikuwa mdogo kama pilipili mbele ya kikundi. Januari na Februari ni nzuri, na tena Julai hadi Septemba.

Wadudu hawa hawajui kipindupindu. Alama 9 si kibali cha kunywa bila kuchemsha. Tena Tanga ina kichocho, kwa hiyo vaeni buti, na madimbwi yaliyotulia yenye konokono msiyaingie. Ndani ya hifadhi ya Amani ombeni ruhusa kwanza, na popote mlipo mkimaliza rudisheni wadudu majini.

Daftarini andikeni tarehe, mvua ya mwisho, na dawa iliyopigwa wiki hiyo na zao lililopigwa. Mkikuta alama zimeanguka na shamba lenu halina kosa, pandeni mto hatua mia mia, mkipima juu na chini ya kila kijito kinachoingia. Mkimfikia jirani, nendeni na sinia mkononi na wadudu wangali hai.