Kabla ya kuruka kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi: mambo ya kuzingatia unapofungua ramani ya anga

Anzia pembeni mwa karatasi. Rubani mwanafunzi akifunguliwa ramani, macho yake yanakimbilia Lubumbashi, kisha anaanza kuchora mstari. Pembeni ndiko kunakoandikwa mwaka wa toleo, skeli, kipimo cha urefu na maelezo ya alama, na bila hayo mstari wako ni mchoro tu. Kwa Katanga jambo hili lina uzito wake, kwa sababu ramani nyingi zinazozunguka kwenye simu za watu ni nakala za miaka mingi. Utakuta nyingine bado zinaita mkoa Shaba. Milima haijahama, kwa hiyo umbo la ardhi kwenye nakala kama hiyo bado linafaa. Kilichohama ni kila kitu ambacho binadamu anakigusa: masafa ya redio, mipaka ya anga inayoongozwa, mashimo ya migodi, nguzo na minara. Mimi nasema hivi: ramani ya zamani itumie kwa mabonde na mito peke yake. Habari za redio na za anga zitafute kwenye AIP, kitabu rasmi cha taarifa za anga cha nchi, na nyongeza zake, ambazo duniani kote hutoka kwa mzunguko wa AIRAC, yaani ratiba ya kimataifa ya kila siku 28, halafu uhakikishe kwa ofisi ya taarifa za anga pale Luano kabla ya kujaza mpango wa safari.

Skeli haihitaji hotuba ndefu. Kwenye ramani ya 1:1,000,000 sentimita moja ni kilomita 10. Kwenye ya 1:500,000 ni kilomita 5. Umbali wa kusafiria upime kwa maili za baharini, na kama huna rula ya kazi hiyo, tumia mstari wa longitudo uliochorwa kwenye ramani yenyewe: dakika moja ya latitudo ni maili moja, yaani mita 1,852. Usipime kwenye mstari wa latitudo, dakika zake zinapungua kadiri unavyoachana na ikweta. Makosa kwa hapa kwetu yangekuwa madogo, lakini tabia mbaya utasafiri nayo hadi mahali ambapo si madogo.

Tuchukue safari ambayo wengi wanaanza nayo, Lubumbashi hadi Kolwezi. Moja kwa moja ni kama maili 129, mwelekeo wa kweli ukiwa karibu digrii 292. Ukipitia Likasi, unakuwa na vipande viwili: karibu maili 59 kwa digrii 307, kisha kama maili 74 kwa digrii 280. Jumla inaongezeka maili nne tu. Kwa ndege ndogo ya noti 110, yaani maili 110 za baharini kwa saa, hizo ni dakika mbili na kidogo, na kwa dakika mbili hizo unanunua mji mzima wa kukagulia njia yako katikati ya safari. Sioni sababu ya kwenda moja kwa moja mara ya kwanza. Tena kipande cha kwanza kina bahati ya kuwa karibu maili 60, urefu ambao hesabu yake inafanyika kichwani: ukifika usawa wa Likasi ukauona mji uko maili mbili kushoto kwako, basi ulitoka nje ya mwelekeo kwa digrii mbili kwenda kulia.

Digrii nilizotaja ni za kaskazini ya kweli. Dira yako haiijui kaskazini hiyo. Tafuta mistari ya nukta inayoonyesha tofauti ya sumaku, yaani pengo kati ya kaskazini ya kweli na ile ya dira, soma pia mwaka iliopimwa na kiasi inavyobadilika kila mwaka, ndipo uongeze ikiwa ni ya magharibi au utoe ikiwa ni ya mashariki. Baada ya hapo ndipo upepo unaingia kwenye hesabu.

Sasa alama za ardhini. Chagua chache, na uchague zile zinazoonekana kutoka juu, hata kama mtu wa chini hazijui. Lubumbashi yenyewe hutaikosa: bomba refu la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines na kilima cheusi cha takataka za shaba kando yake vinajulikana na kila mtoto wa mji. Reli na barabara ya taifa namba 1 vinaelekea Likasi, lakini vinapinda, kwa hiyo usivikimbize kama vile unaendesha lori. Ramani ikuonyeshe mapema ni wapi vitakuwa kushoto na wapi vitakuwa kulia. Ziwa Tshangalele, lile la bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, linapaswa kuonekana mbali upande wako wa kulia kabla ya Likasi. Likija chini ya bawa, umeshapotea kaskazini. Ila ramani inalichora kwa ukingo mmoja, na ziwa hilo halina kina: mwishoni mwa kiangazi maji na majani havitafanana na ile rangi ya bluu uliyoiona mezani. Upande wa Kolwezi, ziwa Nzilo kwenye Lualaba ndilo onyo lako, kwa sababu liko kaskazini ya mji. Na kuna laini kubwa ya umeme inayotoka bwawa la Inga, ya kilomita kama 1,700, inayoishia Kolwezi. Ni alama nzuri ya njia, na ni kikwazo kibaya kwa anayeruka chini.

Kwenye urefu ndipo ningependa ukae zaidi ya pengine pote. Luano iko futi 4,295 juu ya usawa wa bahari, Kolwezi kama futi 5,000. Maana yake kila namba unayoisoma kwenye ramani lazima uiulize: imepimwa kutoka wapi? Kikwazo huandikwa namba mbili. Ile ya kwanza ni ncha yake kutoka usawa wa bahari, na ile iliyo ndani ya mabano ni urefu wake kutoka ardhini. Mnara wenye 4,950 na (550) hauna futi 4,950 za chuma; una 550, umesimama juu ya ardhi ya futi 4,400. Altimita yako, yaani kipimaurefu cha ndege, iliyowekewa QNH (shinikizo la hewa la wakati huo kwa usawa wa bahari) inazungumza na ile namba ya kwanza. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida vikwazo vinavyochorwa ni vile vinavyofikia kama futi 300 kutoka ardhini, yaani mita 100. Nguzo za simu fupi kuliko hapo ziko kila mahali kandokando ya barabara na hazimo kwenye karatasi.

Ndani ya kila mraba wa latitudo na longitudo, ramani nyingi zina tarakimu kubwa ikifuatiwa na ndogo. Kubwa ni maelfu ya futi, ndogo ni mamia: 5 kubwa na 7 ndogo ni futi 5,700. Wengi huichukulia kuwa urefu salama wa kurukia. Sivyo. Inakuambia tu kwamba ndani ya mraba huo hakuna kitu kinachojulikana kinachopita hapo. Nafasi ya usalama unaiongeza wewe, futi 1,000 kwa uchache, na zaidi penye vilima na upepo.

Kwenda Kolwezi uko kwenye nusu ya magharibi ya dira, kwa hiyo kanuni ya urefu kwa anayeruka kwa macho inakupa maelfu shufwa na 500 juu yake: 6,500 au 8,500. Ya kwanza inasikika kubwa kwa mtu aliyejifunzia pwani. Kwa Kolwezi ni kama futi 1,500 tu juu ya uwanja. Mimi ningepanga 8,500 na kurudi 7,500 au 9,500, nikiacha ile 6,500 kwa siku ambayo mawingu yamenilazimisha, na siku hiyo pengine ni bora kubaki nyumbani. QNH ikikosewa kwa hektopaskali 10, altimita inadanganya kwa karibu futi 300. Ukilinganisha na zile futi 1,500, umepoteza sehemu moja ya tano bila kujua. Ukivuka urefu wa mpito unaotajwa kwenye AIP, unahamia 1013.25, shinikizo la kawaida linalotumiwa na wote, na kuhesabu kwa ngazi za ndege, yaani urefu uliopimwa kwa shinikizo hilo. Kabla ya hayo yote kuna kuondoka ardhini: mchana wa Oktoba wenye nyuzi 32, injini na mabawa pale Luano vinajisikia viko karibu futi 7,400. Jedwali la kupaa lisome kwa namba hiyo.

Jina la uwanja lithibitishe kwa herufi nne za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Luano ni FZQA, Kolwezi FZQM. Hili linaweza kuonekana la kitoto, lakini Kamina ina viwanja viwili, cha mji na cha kambi ya kijeshi. Na usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, ndege iliyomchukua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, akielekea kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga, ilianguka msituni ikikaribia Ndola, hapo ng'ambo Zambia. Miongoni mwa maelezo mengi yaliyotolewa tangu siku hiyo, na Umoja wa Mataifa umelifungua tena suala hilo bila kufikia jibu la mwisho, kuna linalosema marubani walichanganya ramani ya Ndola na ya Ndolo, uwanja wa Kinshasa. Hakuna aliyelithibitisha. Lakini tofauti ya urefu kati ya viwanja hivyo viwili inapita futi 3,000, kwa hiyo unaelewa kwa nini watu walilifikiria.

Tukija kwenye anga yenyewe, ichukue kama jengo la ghorofa: unaweza kuwa na ruhusa ya chumba cha chini na usiwe nayo ya juu yake. CTR, eneo la uongozaji la uwanja, inaanzia ardhini kuuzunguka. TMA, eneo la uongozaji la ndege zinazokuja na kuondoka, inakaa juu yake, pana zaidi, ikianzia kwenye urefu fulani. Mipaka huandikwa kama sehemu ya hesabu, ya juu juu na ya chini chini. Soma kipimo kinachofuata kila namba, kwa sababu namba moja inaweza kuwa kutoka ardhini, nyingine kutoka usawa wa bahari, nyingine ngazi ya ndege, zote kwenye kisanduku kimoja. Herufi inayofuata, A hadi G, ndiyo inayosema unadaiwa nini. Kwenye A hakuna kuruka kwa macho kabisa. Kwenye B, C na D unahitaji redio na kibali kabla ya kuingia. Kusikia mwongozaji akikujibu "subiri" si kibali. E inaongozwa, ila anayeruka kwa macho haombi kibali. G haiongozwi, na hapo macho yako ndiyo mnara. Nje ya anga ya Luano utatumia muda mwingi peke yako kuliko wenzako wa Ulaya, kwa hiyo andika masafa pembeni mwa mstari: ya uwanja unaouacha, ya unakokwenda, na 121.5 ya dharura. Marubani wengi katika Afrika hutangaza pia mahali walipo kwenye 126.9, hasa wale wa juu. Kuisikiliza kunakusaidia kujua nani anapita.

Maeneo yenye herufi P, R na D yakague moja moja. P haipitiki, R ina masharti, D ina hatari kwa saa fulani. Saa hizo hutaziona kwenye ramani, zimo kwenye AIP au NOTAM, yaani matangazo ya muda kwa marubani.

Kusini mwa Lubumbashi kuna jambo la kwetu kabisa. Mpaka na Zambia unafuata mgawanyo wa maji kati ya bonde la Kongo na la Zambezi. Hakuna mto wa kuonyesha umevuka, ni miombo huku na miombo kule. Mstari ulionyooka kutoka Lubumbashi hadi Sakania unaugusa mpaka huo karibu na Mokambo, na kuuvuka ni kutoka anga ya Kinshasa na kuingia ya Lusaka bila mpango wala kibali. Gawa safari vipande viwili, upinde upande wa mashariki, na uache maili kadhaa za akiba.

NOTAM zinaandikwa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia: mwaka, mwezi, siku, kisha saa. Kwa mfano 2506120530 ni tarehe 12 Juni 2025, saa 0530. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, na kwa saa za Kiswahili unatoa nne tu: 0600 ni saa mbili asubuhi, 1100 ni saa saba mchana. Ukimpigia mtu wa Kinshasa, saa mbili yake ni saa tatu yako. Mkubaliane kwa UTC tu.

Kuhusu kuona, kanuni ya dunia inataka kilomita 5 chini ya futi 10,000 na kilomita 8 kuanzia hapo, ukikaa mita 1,500 kando ya mawingu na futi 1,000 juu au chini yake. Nafuu ya kuruka nje ya mawingu tu, ukiiona ardhi, ni ya anga isiyoongozwa, chini ya futi 3,000 za bahari au 1,000 za ardhi, ile iliyo juu zaidi. Futi 3,000 za bahari hapa ziko ndani ya udongo, kwa hiyo kwetu imebaki ile 1,000. Agosti hadi Oktoba moshi wa mioto ya msituni unaweza kuzila kilomita hizo asubuhi nzima, tena bila wingu hata moja, na alama uliyoipanga kuiona maili 15 mbele itakuja ikiwa chini yako.

Kama unatumia kompyuta kibao, ipakie data mpya ya mzunguko huo ukiwa na intaneti, na uwe na karatasi yenye mstari uleule, kwa sababu jua la kioo cha mbele huzima skrini. Nakala ya njia, yenye muda wa kufika kila alama na mafuta yatakayobaki, mwachie mtu Luano ambaye atakuwa karibu na simu hadi utakapotua.