Kupanda Iris cristata chini ya miti bila kuifukia

Iris cristata ni airisi fupi ya misitu ya mashariki mwa Marekani. Kimo chake mara nyingi hakizidi sentimita 20, na mwezi wa Aprili au Mei hufunika ardhi kwa maua ya samawati yenye waa jeupe na vituta vidogo vya manjano. Wengi huipoteza kwa sababu moja: wanalifukia shina lake, lile linalotambaa juu ya udongo. Kwa hiyo hatua ya 3 isome mara mbili.

Hatua ya 1: Mahali
Chagua chini ya miti inayopukutisha majani, penye jua la asubuhi na kivuli mchana. Mteremko ni bora kuliko bondeni, maana maji yakituama shina huoza.

Hatua ya 2: Udongo
Ng'oa magugu pamoja na mizizi yake, kwani baadaye hutapata nafasi ya kupitisha jembe. Changanya mboji ya majani na udongo wa juu. Inatosha.

Hatua ya 3: Shina
Gawanya mmea mara tu maua yanapokwisha. Shika shina mkononi ulitazame: ni kama tangawizi iliyokonda, wembamba, kisha kinundu, kisha wembamba tena. Majani huchomoza kwenye kinundu, na mizizi hushuka upande wa chini. Kata kwa kisu kikali penye wembamba, kila kipande kibaki na kinundu chenye majani na mizizi.

Chimba kijifereji, laza kipande, elekeza mizizi chini, kisha rudishia udongo pembeni tu. Mgongo wa shina uonekane. Bonyeza kwa vidole hadi kipande kisichezecheze. Utatamani kuongeza udongo kidogo juu, tafadhali usiongeze. Acha sentimita 15 hadi 20 kati ya vipande.

Hatua ya 4: Maji
Msimu wa kwanza mwagilia taratibu kila udongo unapoanza kukauka, maana maji ya kasi huvipindua vipande.

Hatua ya 5: Matunzo
Majani ya miti yakirundikana, yapunguze kwa mkono. Reki hung'oa mashina. Konokono wasio na magamba hupenda machipukizi, hivyo wasake usiku kwa tochi. Maua yakiwa machache mwaka unaofuata, usiuhamishe mmea, bado unatambaa. Ukishasongamana na maua kupungua, ndipo uugawanye tena.