Namna ya kuchagua kitabu cha sonata za piano bila kupigwa na edisheni mbovu

Nilijifunza sonata ya Mozart K. 545, ile ya Do kubwa ambayo kila mtu anaipitia, kwa kutumia kopi ya kopi ambayo hata jalada lake sijawahi kuliona. Nilifuata kila kilichoandikwa, dolce (piga kwa utamu), crescendo (ongeza sauti polepole), namba ya metronomu (kile kifaa cha kupimia mwendo), vyote, afu nikaenda kumpigia mwalimu mpya. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akauliza swali moja tu: hiyo crescendo kakuambia nani? Nikamwonyesha karatasi. Akasema sawa, na karatasi imeambiwa na nani? Sikuwa na jibu, na ndo maana naandika huu mwongozo, ili ukiulizwa wewe uwe nalo.

Hatua ya 1: jua namba ya kazi

Usitafute "sonata ya Beethoven ya Do ndogo", utaletewa tatu. Beethoven ana sonata 32 zenye namba za Op. (opus, yaani kazi), na Op. moja inaweza kubeba sonata mbili au tatu, kwa hiyo "Op. 31" peke yake haitoshi, sema Op. 31 namba 1. Mozart anaenda kwa K. (orodha ya Köchel) na Schubert kwa D. (orodha ya Deutsch). Kwa Mozart usishtuke ukikuta namba mbili, K. 331 na K. 300i ni sonata ileile, ni orodha tu iliyopangwa upya baadaye.

Wanaosumbua kweli ni Haydn na Scarlatti. Haydn ana namba za Hoboken (Hob.) na namba za Landon, wataalamu wawili walioorodhesha kazi zake, na hazifanani, Hob. XVI:52 kwenye kitabu kingine ni namba 62. Scarlatti ana sonata 555 na watu wawili waliozihesabu kila mtu kivyake, Longo (L.) na Kirkpatrick (K., sio ile K. ya Mozart), mfano K. 380 ndo L. 23. Andika namba zote mbili pembeni kabla hujatafuta, utaokoa jioni nzima.

Hatua ya 2: mhariri ni nani

Fungua ukurasa wa kwanza utafute jina la mhariri na mwaka. Kama hamna jina kabisa, rudisha ulipokitoa.

Kuna makundi kama mawili makubwa. La kwanza ni Urtext, neno la Kijerumani, yaani matini asilia: mhariri anakusanya muswada wa mkono wa mtunzi, chapa za kwanza, kopi alizosahihisha mwenyewe, anazilinganisha, afu anakupa kilichotoka kwa mtunzi na kukuonyesha wapi kaongeza yeye. Hapa ndo wako wachapishaji kama Henle wa Munich (tangu 1948, jalada la bluu), Bärenreiter, na Wiener Urtext wenye jalada jekundu. Lakini angalia, hilo neno halina mwenyewe, mtu yeyote anaweza kulibandika kwenye jalada, kwa hiyo usilinunue neno, nunua kazi iliyoko ndani.

Kundi la pili ni edisheni za wapiga piano wakubwa, kama Hans von Bülow au Artur Schnabel kwa sonata za Beethoven. Hizi sio mbovu jamani, watu wanazisema vibaya bure. Ya Schnabel ni kama kukaa darasani kwake, kila baa (vile vipande vya muziki kati ya mistari ya wima, sio zile zingine) ana neno la kusema, kidole, mwendo, pumzi. Ila hilo ni darasa la Schnabel. Mi naiweka kando ya Urtext, siiweki badala yake.

Hatua ya 3: mtihani wa dakika tano

Huu unaweza kuufanya umesimama dukani au unaangalia pdf kwenye simu.

Anza na metronomu. Maelzel alisajili metronomu yake mwaka 1815, Mozart alishafariki 1791. Kwa hiyo namba yoyote ya metronomu juu ya sonata ya Mozart imewekwa na mtu mwingine, hamna mjadala. Kwa Beethoven ni sonata moja tu kati ya zote 32 aliyoiandikia namba za metronomu mwenyewe, Op. 106. Ukikuta namba kwenye Op. 13 au Op. 27 namba 2 ujue ni maoni ya mhariri, na kama hajaiweka kwenye mabano au kuisema kwenye tanbihi basi umeshajua tabia yake, mengine pia atakuwa kayachomeka kimyakimya.

Kisha angalia ile mistari ya upinde inayounganisha noti. Mozart na Haydn wanapenda pinde fupifupi, noti mbili, noti nne, mara nyingi upinde unaishia kwenye mstari wa baa. Wahariri wa karne ya 19 waliona hiyo imekatikakatika wakaziunganisha kuwa pinde ndefu za baa nne nne. Kwenye macho ni kitu kidogo, kwenye vidole ni muziki mwingine kabisa, kwa sababu upinde mfupi unakuambia utue kwenye noti ya kwanza na uinue mkono kwenye ya mwisho, ni kama kuongea kwa silabi zenye mkazo, na ule mrefu unafuta mikazo yote hiyo ukabaki na sauti inayoteleza tu.

Tukirudi kwenye K. 545 yangu. Sehemu ya kwanza, kuanzia baa ya 5 mkono wa kulia unaanza kukimbia skeli, yaani noti zinazofuatana kwa mpangilio, kupanda na kushuka. Kopi yangu ilikuwa na upinde juu ya kila skeli na crescendo chini yake. Fungua Urtext, utakuta karibu hamna alama ya kuongeza au kupunguza sauti hata moja, ukurasa uko mweupe mpaka unaogopa. Muswada wa Mozart wa sonata hii umepotea, tunategemea chapa ya 1805, miaka 14 baada ya kifo chake. Kwa hiyo crescendo unaruhusiwa kuweka, hamna atakayekukamata, ila ni ya kwako, itetee kama ya kwako.

Hatua ya 4: soma kurasa ambazo watu hawasomi

Dibaji na maelezo ya mhariri, mwanzoni au mwishoni kabisa kwa herufi ndogo. Najua yanachosha, ila mifano miwili.

Mozart K. 332, sehemu ya pili, Adagio (ile ya polepole). Kwenye muswada wake wimbo unaporudi unarudi karibu kama ulivyokuwa. Kwenye chapa ya kwanza, Artaria wa Vienna 1784, unarudi umepambwa kwelikweli, noti zinamiminika. Edisheni nzuri inakupa zote mbili, moja kubwa na nyingine kwa noti ndogo juu yake, na inakueleza kila moja imetoka wapi. Edisheni mbovu inakuchagulia moja na kunyamaza, unakaa miaka hujui kwamba kulikuwa na kuchagua.

Sasa usije ukadhani chapa ya kwanza ndo ukweli siku zote. Beethoven Op. 31 namba 1 ilichapwa Zürich na Nägeli mwaka 1803, na Nägeli akaona karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza panapungua kitu, akaongeza baa 4 za kwake. Nne! Kwenye sonata ya Beethoven! Mzee akawaka, mchapishaji mwingine, Simrock wa Bonn, akaichapa upya na kuandika kabisa kwa Kifaransa kwamba hili ndo toleo sahihi sana.

Angalia na mwaka wa edisheni pia. Mwaka 2014 kurasa nne za muswada wa K. 331 zilipatikana Budapest kwenye maktaba ya taifa, na kuna sehemu zinatofautiana na tulichozoea. Kitabu cha kabla ya hapo, hata kiwe cha kampuni nzuri vipi, kisingeweza kujua.

Hatua ya 5: za bure

IMSLP, ile maktaba ya noti za bure mtandaoni, wote tunaijua, kosa ni kubonyeza pdf ya kwanza. Kila faili ina jina la mhariri, mchapishaji na mwaka, soma kwanza afu ndo udaunlodi. Kwa Mozart una bahati, Neue Mozart-Ausgabe nzima, yaani edisheni ya kazi zake zote, imewekwa mtandaoni bure kwa matumizi binafsi na taasisi ya Mozarteum ya Salzburg, hiyo ni kazi ya kitaalamu kabisa. Kwa Beethoven, makumbusho ya Beethoven-Haus ya Bonn wana picha za miswada na chapa za kwanza, nenda ukaone mwandiko wake uonee huruma wachapaji. Haki miliki uiangalie: mtunzi amekufa zamani ila kazi ya mhariri inaweza kuwa bado inalindwa, Ujerumani kwa mfano edisheni ya kitaalamu ina miaka 25 yake.

Hatua ya 6: kitabu chenyewe

Kilaze kwenye stendi ya piano uone kama kinakaa wazi chenyewe. Angalia pa kugeuza ukurasa, kama mikono yote miwili iko bize hapo utateseka. Namba za vidole karibu zote ni za mhariri hata kwenye Urtext, kwa hiyo zisipokaa kwenye mkono wako zibadilishe bila kuomba radhi.

Mi nikinunua kitabu kipya nachukua penseli za rangi mbili: nyeusi kwa nilichoamua mwenyewe, nyekundu kwa nilichokopa kwenye edisheni nyingine, na jina la mhariri naandika hapohapo kwa herufi ndogo. Ile crescendo ya K. 545 sasa hivi iko kwa nyeusi, baa ya 8, fupi kuliko ya zamani.