Namna ya kupiga picha za treni ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako

Picha nyingi za TAZARA zinazosambaa zimepigwa treni ikiwa imesimama stesheni, na kwa hiyo hazielezi kwa nini reli hii ni ya pekee. Kati ya kilomita zake 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, zilizojengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kipande kilichowapa wajenzi kazi ngumu kuliko vyote ni kile kinachotoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, na kupanda zaidi ya mita 1,000 hadi Makambako. Reli nzima ina mahandaki zaidi ya 20, na mengi yako hapa. Mwongozo huu unahusu kipande hicho tu.

Hatua ya 1: Tafuta saa, si siku. Kabla ya kukata tiketi, uliza stesheni treni inatarajiwa kufika Mlimba saa ngapi, kwa sababu ikipanda mlima usiku hutapata kitu hata ukiwa na kamera bora. Endelea kuuliza ukiwa njiani. Kuchelewa kwa saa chache, ambako kwa abiria wengine ni kero, kunaweza kuitoa safari yako gizani na kuiingiza katika nuru ya asubuhi.

Hatua ya 2: Amua utapiga ukiwa wapi. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hupitia Morogoro na upande wa Iringa, ilhali reli hukata Hifadhi ya Taifa ya Nyerere na bonde la Kilombero, na hizi mbili hukutana tena Makambako. Kwa sababu hiyo, sehemu ya mlima hupigwa vizuri zaidi kutoka ndani ya treni yenyewe. Mwenye gari aanzie Makambako na kuelekea Mbeya.

Hatua ya 3: Omba ruhusa. Jitambulishe kwa mkuu wa stesheni, na ndani ya treni kwa mhudumu wa behewa, ukieleza unachotaka kupiga. Madaraja na mahandaki ni miundombinu inayolindwa, na mtu anayeonekana na kamera bila maelezo huweza kusimamishwa kwa haki kabisa. Usitembee juu ya reli wala kuingia handakini kwa miguu.

Hatua ya 4: Chagua upande wa dirisha. Hapa ndipo wengi hukosea. Kutoka Mlimba hadi Makambako treni huelekea magharibi kwa ujumla, ingawa hujipinda mara nyingi. Mwezi Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, yaani kulia kwako unapopanda, kwa hiyo ubavu wa kulia wa mabehewa ndio unaong'aa. Kona ikipinda kulia, kutoka dirisha la upande huo utakiona kichwa cha treni kikiwa kimeangazwa vizuri. Desemba na Januari mambo hugeuka, kwa kuwa jua huhamia kusini. Mabehewa ya kulala yana vyumba upande mmoja na ujia upande wa pili, kwa hiyo unaweza kubadili upande bila kumsumbua mtu. Mimi hupendelea behewa la nyuma, kwa sababu kona inapoanza naiona treni karibu yote mbele yangu.

Hatua ya 5: Tayarisha kamera kabla ya handaki. Weka kasi ya shata (muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie) 1/500 ya sekunde au haraka zaidi, kwani vichaka vya karibu hupita haraka hata treni inapopanda polepole. Pima mwanga treni ikiwa bado nje ya handaki, kisha ufunge kipimo hicho hapohapo ili kamera isikibadilishe. Ukiiachia kamera ijipimie handakini, picha ya kwanza ya kutoka itakuwa nyeupe tupu. Kwenye simu, bonyeza kioo na ushikilie mpaka mwanga na fokasi vijifunge. Mikono na kichwa vibaki ndani ya dirisha muda wote, kwa maana kuta za handaki ziko karibu sana na behewa.

Hatua ya 6: Jiandae kwa daraja la mto Mpanga. Linasimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50, na ukiwa juu yake nguzo hizo huzioni. Safari yangu ya kwanza nilikuwa nabadilisha kadi ya kumbukumbu wakati tunalivuka, nikalikosa kabisa. Tangu hapo hubadilisha kadi Mlimba, iwe imejaa au haijajaa. Elekeza lenzi chini bondeni, ukiacha ukingo wa behewa uonekane pembeni mwa picha, kwani bila ukingo huo mtazamaji hana cha kupimia kina.

Hatua ya 7: Andika papo hapo. Milima hufanana ukishafika nyumbani, kwa hiyo baada ya kila picha nzuri andika saa, stesheni mliyoipita mwisho, na upande wa dirisha uliokuwapo.