Kabla ya Kuomba Uzamivu wa Mifumo ya Chakula, Anzia Shambani

Mdogo wangu, barua yangu ya kwanza ya kutafuta msimamizi wa uzamivu (PhD) niliituma kwa maprofesa 11, ileile bila kubadilisha neno. Niliandika kwamba nataka kutafiti utofauti na ustahimilivu wa mifumo ya chakula Tanzania. Hakuna aliyejibu, na leo nawaelewa: mada pana namna ile haina pa kuishikia.

Barua iliyojibiwa ilianzia shambani kwa mama, Kongwa, Dodoma. Mvua ilikata Februari, mahindi yakanyauka kabla ya kubeba. Uwele tulivuna, na majani ya kunde tulikausha ya kutosha. Jirani aliyepanda mahindi matupu alikuja kukopa debe. Ndipo nikauliza: kaya zenye mazao manne shambani hula vizuri zaidi Januari, ghala likiwa tupu, au huwa zimeshauza? Swali moja, wilaya moja.

Nawe tafuta lako, kisha useme utalipimaje. Kwa lishe, kipo kipimo cha makundi 10 ya vyakula: mwanamke wa miaka 15 hadi 49 anaulizwa alikula nini jana, mchana na usiku, na unahesabu waliofikisha makundi 5. Shambani, usihesabu mazao tu. Hesabu na aina za mbegu. Mama ana kunde za aina tatu, kila moja na jina lake na kazi yake.

Pa kubisha hodi: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro; RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu vya Afrika wenye makao yake Kampala; na DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, ambalo hufadhili hata wanaosomea hapa Afrika. Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, kinajulikana kwa utaratibu wa kuanzia na kumalizia masomo kule, utafiti ukafanyika nyumbani. Kama unapenda mboga za asili, mnafu au mgagani, World Vegetable Center, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mboga, wana kituo na benki ya mbegu Arusha. Soma walau makala mbili za msimamizi kabla ya kumwandikia, na barua isizidi nusu ukurasa.

Halafu kalenda. Hapa ndipo wengi huumia. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Ufadhili ukianza Machi na kibali cha utafiti kikatoka Juni, mwaka huo umekwenda, na fedha za miaka mitatu hazikungoji. Barua ya utambulisho iombe mapema, ifike kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Kabla hujasaini chochote, uliza nani analipa mafuta ya pikipiki na posho za wadodosaji.

Na kwenye bajeti tenga fungu la kurudisha matokeo kijijini. Mimi nilitenga asubuhi moja tu. Akina mama walinikalisha hadi jua linazama, wakinisahihisha majina ya kunde.