Kibandiko cha vijisindano: namna ya kukibuni na kukipima maabara

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Gambia ambamo watoto wachanga walipewa chanjo ya surua na rubela kwa kibandiko chenye vijisindano, yaani sindano ndogo mno zinazotoboa tabaka la juu la ngozi tu. Kinga yao ilikaribiana na ya waliodungwa sindano ya kawaida. Chanjo iliyokaushwa kwenye kibandiko inaweza kustahimili joto zaidi, kwa hiyo kwa nchi ambako chanjo husafirishwa kwenye masanduku ya barafu, teknolojia hii inastahili watu wake wa maabara, na ndiyo maana naandika.

Mwongozo huu unahusu vijisindano vinavyoyeyuka ndani ya ngozi. Ni kazi ya maabara: usimbandike mtu yeyote, hata wewe mwenyewe, bila kibali cha kamati ya maadili.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya dozi

Chukua kijisindano chenye umbo la piramidi, kitako maikromita 300 kwa 300, urefu maikromita 600 (maikromita 1,000 ni milimita moja). Ujazo wake ni milimita za ujazo 0.018. Vikiwa 100 unapata 1.8, sawa na takriban miligramu 2 za mchanganyiko mkavu. Dawa ikiwa asilimia 20 yake, umebeba miligramu 0.4 tu. Chanjo na homoni zinazopimwa kwa maikrogramu zinaenea. Parasetamoli ya miligramu 500 haienei kamwe. Kama dawa yako haipiti hesabu hii, badilisha dawa sasa, kabla hujanunua chochote.

Hatua ya 2: Chagua umbo

Kizuizi chenyewe ni tabaka la juu la seli zilizokufa, ambalo sehemu nyingi za mwili lina unene wa maikromita 10 hadi 20. Mbona basi tunatumia 600? Kwa sababu ngozi hubonyea kabla ya kutoboka, na sehemu ya kijisindano hubaki nje. Acha kama maikromita 700 kati ya ncha na ncha. Vikisongamana mno, nguvu ya kidole hugawanyika na ngozi hubonyea bila kutoboka.

Hatua ya 3: Tengeneza kalibu

Chapa umbo lako kwa printa ya resini. Lioshe kwa alkoholi ya isopropili, lianike kwenye mwanga wa UV, kisha lipashe moto vizuri, maana mabaki ya resini huizuia silikoni kuganda. Changanya silikoni ya PDMS na kigandishi chake kwa uwiano wa 10 kwa 1, ondoa mapovu kwa pampu ya ombwe, mimina juu ya umbo na uache kwenye oveni ya nyuzi 60 hadi 70 usiku kucha.

Hatua ya 4: Mimina mara mbili

Hapa ndipo kibandiko kinapopona au kufa. Mmimino wa kwanza una dawa, trehalosi (sukari inayoilinda dawa inapokauka) na polima inayoyeyuka kwenye maji, mfano PVP au asidi ya hayaluroniki. Majaribio ya mwanzo yafanye kwa rangi badala ya dawa: ni rahisi, na macho yataona kila kosa. Hewa hunaswa kwenye vishimo vya kalibu, kwa hiyo tumia ombwe au sentrifuji mpaka ncha zijae. Kisha kwangua kila kilichobaki juu ya uso wa kalibu. Dawa iliyokaa kwenye mgongo wa kibandiko haitaingia mwilini, ila itakudanganya kwenye vipimo.

Mmimino wa pili ni polima tupu, nzito zaidi, ya kuunda mgongo. Kausha taratibu kwenye chombo kilichofungwa chenye silika jeli. Ukiharakisha kwa moto, mgongo hujikunja na ncha hukatika. Protini nazo huharibika. Walioko Dar es Salaam, Mombasa na pwani yote wawe waangalifu zaidi: PVP hufyonza unyevu wa hewani, na kibandiko kilichoachwa mezani hulainika ncha.

Hatua ya 5: Pima uimara na utoboaji

Piga picha za hadubini, pima urefu, kisha kandamiza kibandiko kwenye bamba la chuma kwa nyutoni 32 kwa sekunde 30 na upime tena. Huna mashine? Uzito wa kilo 3.3 ukiwekwa wima hutoa nguvu hiyo hiyo.

Rudia kwa kibandiko kipya juu ya tabaka 8 za Parafilm M, utando laini wa maabara unaotumika hapa badala ya ngozi. Kila tabaka lina maikromita 127 hivi, basi hesabu matundu tabaka kwa tabaka.

Halafu nenda kwenye ngozi ya sikio la nguruwe, iliyo karibu na yetu. Mwombe mchinjaji akukatie sikio kabla mnyama hajamwagiwa maji ya moto, kwani maji hayo huharibu tabaka la juu na kila kitu kitapenya. Baada ya kutoboa, paka bluu ya methilini, futa kwa spiriti, hesabu nukta.

Hatua ya 6: Fuatilia dawa

Weka ngozi iliyobandikwa kibandiko kwenye seli ya Franz, chombo cha vyumba viwili ambamo ngozi hukaa katikati, uso wake ukiwa nyuzi 32, chini yake bafa ya fosfeti (kimiminika kinachodumisha pH) ya pH 7.4. Kila ukichota sampuli, rudisha bafa kiasi kile kile. Linganisha na kibandiko bapa cha mchanganyiko uleule, kisicho na vijisindano. Mwishoni tafuta dawa kila mahali: kwenye bafa, ndani ya ngozi, juu ya ngozi, na kwenye mgongo uliobaki. Jumla isipokaribia ulichoweka, usichapishe.

Hatua ya 7: Pima uhifadhi

Funga vibandiko kwenye vifuko vya alumini na uviweke nyuzi 40 kwenye unyevu wa asilimia 75. Kabati maalumu ni ghali, lakini chombo kisichopitisha hewa chenye chumvi ya mezani iliyolowa, kikiwa ndani ya oveni, hukupa unyevu huo. Weka pia vichache visivyofungwa, na kila mwezi urudie Hatua ya 5 kwa makundi yote mawili.