Toka kwenye penseli, ingia kwenye wino: kupata chumba Arusha wakati wa AFCON 2027

Nilikaa mapokezi ya gesti moja Kaloleni miaka saba kabla sijaanza kazi ninayofanya sasa, ya kuwatafutia malazi mashabiki na wakimbiaji wanaokuja Arusha na Moshi kwa makundi. Siri ya kazi hii iko kwenye daftari. Mteja akipiga simu kuomba chumba, mhudumu anaandika jina lake kwa penseli. Akituma kianzio, jina linapigwa wino. Usiku mji ukijaa na mtu mwenye hela mkononi akasimama mbele ya kaunta, kifutio hakina huruma.

Hatua zote zinazofuata ni za kukutoa kwenye penseli.

Hatua ya 1: Hesabu kulala, usihesabu mechi

Michuano imepangwa Juni na Julai 2027, na wenyeji ni Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kwa Arusha hiyo ni miezi ambayo vyumba vina wenyewe hata bila mpira. Masika ikishapita, watalii wa Serengeti na wapanda Kilimanjaro wanaanza kumiminika, na mikutano ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa cha hapa mjini, na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo haingoji mtu. Kwa hiyo usisubiri tiketi iwe mfukoni ndipo uanze kutafuta kitanda.

Mechi moja ni kulala mara mbili: usiku wa kuamkia mechi na usiku wa mechi yenyewe. Anayesema atajibanza stendi mpaka kukuche apate basi la alfajiri hajawahi kuionja baridi ya Arusha ya Julai.

Hatua ya 2: Taja uwanja kwa jina

Hapa ndipo wageni wanapopigwa. Uwanja ambao kila dalali anaujua ni Sheikh Amri Abeid, katikati ya mji. Uwanja mpya wa AFCON uko kata ya Olmoti, nao umebuniwa kubeba watazamaji 30,000. Ukimwambia dalali unataka chumba "karibu na uwanja", atakupeleka Kaloleni, atakufungulia dirisha uone ukuta wa Amri Abeid, na wala hajakudanganya. Sema Olmoti.

Halafu ukishajua uwanja uko wapi, acha kuung'ang'ania. Mimi ukaribu siulipii. Vyumba vya jirani na uwanja ndivyo vinavyopanda bei kwanza, na siku ya mechi foleni itakushusha utembee hata hivyo. Ninacholipia ni barabara: gesti iliyo hatua chache kutoka kituo cha vifodi, yaani daladala ndogo za hapa, mahali ambapo saa tano usiku bado kuna bajaji na kuna mtu anakaanga chipsi. Mianzini, Sakina, Kijenge, Mbauda, huko watu wanaishi na usafiri haukatiki mapema. Njiro pametulia na pana nyumba nzuri, lakini jipange kwa nauli.

Hatua ya 3: Tafuta kwa simu na kwa watu

Programu za kuweka vyumba zinakuletea zaidi hoteli za watalii, bei kwa dola. Gesti yetu ya kawaida ina bango ukutani lenye namba mbili, basi. Fungua ramani kwenye simu, kuza mtaa uliouchagua, soma majina, piga moja baada ya nyingine. Piga kati ya saa tano na saa nane mchana. Asubuhi mhudumu anahangaika na wanaotoka, jioni anahangaika na wanaoingia. Mchana yupo kwenye kiti, ataongea na wewe vizuri na hata bei atakushushia.

Usizisahau hosteli za makanisa na za vyuo. Nyingi ni safi, zina geti na mlinzi, na chai ya asubuhi ipo. Ila uliza geti linafungwa saa ngapi, maana mechi ya usiku na geti la saa nne havielewani.

Mkiwa sita au wanane, nyumba nzima yenye samani mara nyingi inatoka nafuu kuliko vyumba. Hapo utakutana na dalali. Kabla hajakuonesha chochote, mkubaliane mambo mawili: hela ya kuoneshwa ni kiasi gani, na udalali ataukata kwa nani. Mwambie mapema kwamba unataka siku kumi, kwa sababu mwenye nyumba aliyezoea kodi ya miezi mitatu au sita atakusikiliza dakika tano kisha akukatae.

Hatua ya 4: Kione chumba kwa video

Picha za gesti zilipigwa siku rangi ilipokauka. Omba video, na omba ya moja kwa moja: "Dada, habari za kazi. Nikipiga video saa saba unaweza kuwa ndani ya chumba chenyewe?" Akikubali, mwombe afungue bomba la maji ya moto, asubiri kidogo, aweke mkono. Juni iliyopita mhudumu mmoja aliweka mkono, akautoa haraka, akacheka: "Yamepoa kidogo, kaka." Hita ilikuwa imekufa tangu Pasaka.

Aoneshe na blanketi. Shuka mbili hazitoshi miezi hiyo. Aoneshe komeo la ndani, kisha asogee dirishani. Ukiona spika na viti vya plastiki chini, hiyo ni baa, na siku ya mechi hutalala.

Hatua ya 5: Lipa kianzio, upate ushahidi

Hii ndiyo hatua niliyojifunza kwa aibu. Mwaka mmoja niliwawekea vyumba kumi wakimbiaji kutoka Dar, wanakuja Kilimanjaro Marathon, Moshi. Wikiendi ile ya mwisho wa Februari Moshi haina hata kochi la bure. Gesti niliyoongea nayo niliifahamu, meneja tulikuwa tunataniana, nikaona hakuna haja ya kutuma hela. Tukafika saa nne usiku. Mhudumu akageuza daftari upande wangu bila kusema neno. Majina yangu kumi yalikuwa bado yanasomeka chini ya majina mengine yaliyoandikwa kwa wino wa bluu. Watu wenye mashindano ya kilomita 42 asubuhi walilala kwenye viti vya Kosta. Siwezi kuilaumu ile gesti peke yake, sikuwa na kitu cha kuwaonesha.

Sasa nafanya hivi. Naomba lipa namba ya gesti, siyo namba ya mhudumu. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina linatokea kwenye simu; lisipofanana na jina la gesti, nasitisha na kupiga kuuliza. Nikipokea ujumbe wa "hiyo namba ina shida, ile hela tuma kwenye hii", nakata. Wote tunaijua hiyo.

Natuma nusu, siyo yote, halafu naandika ujumbe wenye kila kitu: "Nimetuma kianzio cha vyumba 2 vyenye choo ndani, kuingia tarehe fulani, kutoka tarehe fulani, bei tuliyokubaliana kwa kila usiku ni kiasi fulani na haibadiliki. Naomba unithibitishie." Jibu la "sawa" halitoshi. Naomba picha ya ukurasa wa daftari, jina likiwa kwa wino. Wengine wananiona msumbufu.

Bei ikitajwa kwa mdomo, wakati wa mashindano hupanda. Chumba cha 25,000 unaweza kukikuta kimekuwa cha 60,000 kwa maelezo ya "bosi amebadilisha". Ule ujumbe ndio utakaoongea na bosi.

Hatua ya 6: Piga tena, fika mapema

Siku tatu kabla, piga. Ukisafiri, mwambie mhudumu umefika wapi. Beba kitambulisho, kwa sababu kitabu cha wageni kinataka jina, unakotoka na unakokwenda. Saa ya kutoka ni nne asubuhi karibu kila mahali.

Ikishindikana kabisa

Fuata barabara ya Moshi. Tengeru na Usa River ni jirani tu, na Moshi yenyewe ni kama kilomita 80. Ila vibao vya mwendo wa 50 ni vingi na trafiki wapo, usiamini anayekuambia utatumia saa moja tu.

Kuna akiba nyingine ambayo haiko kwenye ramani. Wachagga wengi wamejenga nyumba kubwa Machame, Kibosho na Marangu ambazo zinafunguliwa Desemba tu, Juni zimefungwa. Ukiwa na rafiki wa huko, mwulize bila haya. Akikubali, mpelekee mzee anayelinda nyumba sukari na majani ya chai, na ubebe sweta mbili. Kule juu ni baridi kuliko Arusha.